Ufa Mwembamba Kama Unywele

Ndugu msomaji, ingia nami katika nyumba moja tulivu. Mume anamenya vitunguu, mke anashona vifungo, binti yao anasoma kwa sauti. Mume ni fundi katika karakana ya paneli za setilaiti, zile zinazogeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Wenzake humwita Mkono Hariri, kwa kuwa kwa miaka tisa hajavunja hata seli moja, vile vipande vyembamba vinavyounda paneli.

Wiki moja alirudi nyumbani kama mtu mwingine. Binti aliangusha kijiko, baba akamfokea hadi machozi.

"Baba Watoto, una nini?" mke akamuuliza siku ya tatu.

"Kazi tu."

"Kazi unayo miaka yote. Hii ni nyingine."

Ndipo akasema. Akifuta paneli iliyokwisha kupimwa, kidole kiliigandamiza seli, ikapata ufa mwembamba kama unywele. Hakuna aliyeona. Paneli inasafirishwa keshokutwa.

"Seli moja tu ina shida gani?"

"Zimeungwa moja baada ya nyingine. Moja ikidhoofu, safu nzima inadhoofu. Na setilaiti ile ni ya kutazama mafuriko. Ikizimika huko juu, nani atapanda na ngazi?"

"Kwa hiyo unalinda watu, au unalinda jina?"

Wengi wetu tungelinda jina kwanza.

Asubuhi alimwendea mhandisi mkuu, mama asiye na mzaha. "Nilivunja seli, nikanyamaza."

Mama akawasha taa kali ya kupimia. Umeme wa safu ile ulikuwa umeshuka karibu nusu. "Na tungeirusha hivi," akasema taratibu. Seli ikabadilishwa, safari ya paneli ikaahirishwa kwa siku mbili.

"Mkono Hariri, kumbe na wewe una vidole," wenzake wakamtania. Kisha mmoja wao, mwenye maneno kuliko wote, akashusha sauti. "Mama, na mimi kuna waya niliunga harakaharaka. Naomba tuutazame."

Jioni binti aliangusha kijiko tena, akaganda. Baba alikiokota, akakifuta kwa shati lake, akamrudishia.

FUNZO

Kosa linalofichwa huwaumiza kwanza walio nyumbani, kisha wasiotujua kabisa. Tuseme mapema, kitu kikiwa bado mezani na kinarekebishika. Nasi wenye kusikiliza tusimcheke anayekiri, maana huenda mwingine yuko nyuma yake, anangoja kuona atapokewaje.