Wageni Wasimame

Kila Jumapili Winfrida aliamka alfajiri, akachota maji, akamwogesha mdogo wake Ignas. Kisha wao na baba yao, Fransisko, walitembea hadi kanisani Kihonda na kukaa benchi la nyuma. Walikuwa wamehamia mjini kutoka Matombo, milimani, baada ya maporomoko ya udongo kuifukia nyumba yao, mama yao akiwa ndani.

Kabla ya baraka ya mwisho, katekista alisema, "Wageni wasimame, tuwapigie makofi."

Winfrida hakusimama. Siku ya kwanza tu, Cecilia wa kwaya ya watoto alikuwa amemcheka lafudhi yake. "Hebu sema tena! Huko mlimani mnaongea au mnaimba?" Wenzake wakaangua kicheko.

Baba naye alishika desturi ya kwao. "Mgeni hajitangazi, mwanangu. Wenyeji ndio humfuata nyumbani. Tungoje."

Wakangoja. Miezi ikapita. Waumini wakadhani ni watu wa parokia nyingine, wapita njia.

Masika yakaja na malaria. Ignas alishikwa na homa kali. Baba alimkanda kwa maji, akitumaini homa itashuka. Alipomfikisha zahanati, Jumamosi jioni, walikuwa wamekwisha kuchelewa. Walirudi na maiti yake.

"Kesho nitachimba kaburi mwenyewe," Baba alisema, macho makavu. "Nani anatujua hapa?"

Asubuhi Winfrida alikwenda kanisani peke yake. Katekista alipowaita wageni, alisimama.

"Karibu, binti. Unaitwa nani?"

"Winfrida. Tunakaa nyuma ya mashine ya kusaga. Mdogo wangu amekufa jana. Hatuna wa kutusaidia kumzika."

Makofi yaliyokwisha kuanza yakakatika.

Mama yake Cecilia, mwenyekiti wa jumuiya ya waumini wa mtaa ule, alitoka benchini akijifunga khanga kiunoni. Kabla ya adhuhuri wanaume walikuwa wakichimba na wanawake wameinjika masufuria. Cecilia alileta ndoo ya maji, akaitua.

"Pole, Winfrida," alisema akitazama chini. "Nilikukosea."

Winfrida alisogea kwenye mkeka, Cecilia akaketi.

Baada ya mazishi Mama Cecilia alimwendea Baba.

"Baba Winfrida, nyumba yangu ni ile pale. Juzi usiku nilimsikia mtoto analia, nikajiambia si wa jumuiya yetu. Sisi tulingoja msimame, ninyi mkangoja tubishe hodi. Mtoto hakuweza kungoja."

Kisha akawageukia wasichana wawili. "Ninyi mmeona. Akihamia mtu mtaani, mfuateni siku hiyohiyo. Na ukiwa wewe ndiye mgeni, usione haya kuomba msaada."

Mvua zilikuwa bado zinanyesha familia nyingine ilipohamia chumba cha jirani. Godoro lao lilikuwa halijaingizwa ndani Winfrida na Cecilia walipofika mlangoni.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ninyi ni wa nani, wanangu?"

"Ni majirani zako," alijibu Winfrida. "Mna mgonjwa humu?"