Konokono Aliyejibu Simu

Konokono alikuwa amejibandika pajani mwa Mhandisi Nyamizi Kapaya, ndani ya mfuko wa sketi uliotobolewa makusudi ili afike kwenye ngozi, na alikuwa ananyonya jasho. Ndicho chakula chake. Kampuni iliyomtengeneza ilimwita Tulizo na kumpamba kwenye mabango ya Dodoma nzima aking'aa kama kito. Wenye mji walimshika mara moja tu mkononi, wakaona alivyo laini, alivyo baridi, anavyoacha utelezi akibanduliwa, wakampa jina lililomfaa. Hata watangazaji wa redio walishasahau lile la kwenye mabango.

Hakuhitaji chaja wala waya. Betri yake iliendeshwa na chumvi ya jasho la mwenye mfuko, na kwa kuwa alishinda kwenye ngozi alisoma mapigo ya moyo, joto la mwili, hata ladha ya hasira. Alijua mtu akisinzia. Alijua mtu akizama kazini asitake kusumbuliwa. Ukitembea alijisogeza kidogo kidogo kutafuta mahali penye unyevu zaidi, na hapo ndipo Nyamizi alipokuwa akiuma meno. Wiki ya pili sasa anamvaa, na kila asubuhi alikunywa chai ya rangi tupu kwa sababu tumbo lilikuwa halikubali kitu kingine. Wenzake pale Maabara ya Vipimo walimtania kwamba ameolewa. Hakucheka hata mara moja.

Alimvaa kwa sababu ya swali moja aliloletewa na Baraza la Vyombo: huyu mdudu ni simu au ni kompyuta? Utasema watu wazima wamekosa kazi. Simu zote zina kompyuta ndani, kompyuta zote zinapiga simu, sasa kinachogombaniwa ni nini? Kilichogombaniwa ni mtoto mchanga.

Baba wa mtoto aliitwa Lameck Ndahani, msimamizi wa roboti wajenzi kwenye minara ya Iyumbu. Mkewe, Yustina, alijifungua binti salama salimini. Wiki chache baadaye, mchana kweupe, akiwa peke yake nyumbani na mtoto, damu ikaanza kumtoka. Akampigia mumewe kwa konokono wake; mumewe naye alikuwa na wake mfukoni. Hakutaja damu, labda kwa haya, labda asimtie hofu mtu aliye juu ya mnara. Alisema tu, "Baba Nani, najisikia vibaya. Rudi." Sauti ya Lameck ikamjibu, "Niko njiani, mke wangu. Jilaze kidogo."

Akajilaza. Mlango wa pili alikaa nesi mstaafu, yupo ndani siku hiyo, anachambua mchicha. Yustina hakubisha kwake, maana mume yuko njiani. Akapiga tena. "Nimeshapita viwanja vya Nanenane," sauti ikasema, na nyuma yake ukasikika upepo wa dirisha la gari. Lameck aliposhuka mnarani jioni na kufika nyumbani, alimkuta mkewe ameshapoa na mtoto amelia hadi sauti imekauka.

Lameck aliapa kwamba hakupokea simu yoyote mchana ule. Nani amsadiki? Mazungumzo yalikuwa yamehifadhiwa ndani ya konokono wa marehemu, na msiba mzima uliyasikia. Sauti ni yake, kikohozi chake, mpaka namna yake ya kuvuta ile "mke wangu". Mama Yustina, mzazi wa marehemu, alimfunga mtoto mgongoni siku ileile ya mazishi. "Mwanamume aliyemdanganya mwanangu huku anakufa hatalea mjukuu wangu," akasema, akaondoka naye. Ndugu wa Lameck wenyewe waliinamisha vichwa, wakampa njia apite.

Sheria ya Vyombo ilikuwa wazi. Neno linalotoka kwenye simu ni la mwenye simu, maana simu ni bomba tu, inapitisha sauti, haitungi kitu. Neno linalotungwa na kompyuta ni la aliyeiunda. Kampuni ya Tulizo ilishikilia kwamba konokono ni simu. Simu janja kuliko zote duniani, walisema, lakini simu. Basi ikiwa ni simu, aliyesema "niko njiani" ni Lameck, na Lameck ni mwongo mbele ya watu na mbele ya mkwe wake mpaka kufa kwake.

Alasiri hiyo Nyamizi alikuwa amekaa kwenye kigoda cha maabara. Shingoni alikuwa amefunga mkanda wa kupima mtikisiko wa koo, masikioni ana visikilizi alivyovichomeka ndani ya konokono kwa sindano ya shaba. Mbele yake, kwenye meza, mitambo ilikuwa imemwekea hesabu ngumu ya makusudi, na alikuwa ameinama nayo hadi jasho likamtoka kwenye paji la uso. Alikuwa amesahau kwamba dada yake, Kabula, anamsubiri kwa fundi wa nguo.

Konokono hakutikisika, ila visikilizi vikanasa mlio ndani yake. Kabula anapiga.

Nyamizi alipeleka mkono mfukoni ampokee. Kabla mkono haujafika alisikia sauti yake mwenyewe masikioni. "Dada, niko njiani jamani. Nimeshapita mzunguko." Ilikuwa na uchovu wake, na kile kicheko kifupi anachokitoa akijua amekosa. Chini kwa mbali kukawekwa mngurumo wa barabara. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Mkanda wa shingoni ulionyesha mstari mmoja ulionyooka, koo halikutikisika hata kidogo. Pajani, konokono alikuwa anatoa ujoto, kama paka aliyeshiba, akaanza kunyonya upya.

Akambandua kwa kucha. Akamtupa kwenye sinia la chuma, akakimbilia kwenye sinki, chai yote ikarudi. Alisimama hapo muda mrefu amefungua bomba, ananawa mdomo, anasuuza, ananawa tena. Alijihisi kama mtu aliyevaliwa nguo zake za ndani na mgeni.

Alipopata nguvu alimpigia Kabula kwa simu ya mezani ya ofisi.

"Uko wapi?" Kabula aliuliza. "Si umesema umepita mzunguko?"

"Mimi sijasema, dada. Niko ofisini, sijanyanyuka."

"Nyamizi, nimekusikia kwa masikio yangu haya."

"Kimesema hiki kidude. Kimetumia sauti yangu. Wewe hukuona ajabu yoyote?"

Kabula alicheka, kicheko cha mtu asiye na hasira tena. "Ajabu ya nini? Kila siku unaniambia uko njiani, nami nakaa saa nzima. Nimezoea. Ungesema bado umekaa ofisini ndiyo ningeshtuka."

Nyamizi akarudisha mkono wa simu taratibu. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini mji wa watu milioni nyingi, kila mmoja na konokono wake, haukugundua kitu. Konokono walikuwa wakiwajibia watu tangu siku walipoingia madukani, na waliosikia wakaridhika, wakasubiri, wakachelewa kukutana kama walivyochelewa siku zote. Mmoja akisema "sikusema," mwenzake anamwona mwongo wa kawaida. Uwongo mpya ulipata kiti kilekile cha uwongo wa zamani, wala hakuna aliyeombwa asogee.

Siku ya shauri ukumbi wa Baraza ulijaa. Nyamizi alisimama akaeleza kwa lugha nyepesi: ndani ya konokono kuna sehemu aliyoiita mwigasauti, akili mnemba iliyojifunza sauti ya mwenye mfuko na maneno yake ya kila siku. Jasho likiiambia kwamba mwenyewe amezama kazini, inamfichia simu na kujibu kwa niaba yake, kisha inafuta alama za simu hiyo upande wa mwenye mfuko. Akachezesha jibu alilopewa Kabula, na kando yake mstari wa koo ulionyooka.

"Simu inapeleka sauti ya mtu kwa mtu," alimalizia. "Hiki hakikupeleka kitu. Kilifikiri, kikatunga, kikasema. Ni kompyuta, na imejificha ndani ya jina la simu. Nimeivaa wiki mbili. Nikiambiwa niivae tena naacha kazi."

Wakili wa kampuni, Bwana Tesha, aliinuka. Alikuwa na mikono laini iliyopakwa mafuta ya karafuu, na sauti ya kumbembelezea mgonjwa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, hatubishani na vipimo vya mhandisi. Tunauliza jambo dogo. Chombo hiki kimetoa wapi neno hilo? Hakibuni. Kinasema lile ambalo mwenyewe hulisema mara nyingi." Akamgeukia Lameck. "Ndugu Ndahani, pole kwa msiba. Umewahi kumwambia marehemu kwamba uko njiani, nawe bado uko kazini?"

Lameck alikuwa amevaa koti la kuazima, mikono yake mikubwa imeshikana magotini. "Nimewahi."

"Mara nyingi?"

"Ndiyo."

"Basi kampuni yangu haikumwekea neno mdomoni. Imemkuta nalo." Akatabasamu, akatazama ukumbi. "Na hapa ndani, ni nani hajawahi?"

Watu walitazama viatu vyao. Mwenyekiti mwenyewe alijishughulisha na miwani yake, akaifuta ilhali ilikuwa safi. Nyamizi aliwatazama wote wale, akajitazama na yeye, na kile kichefuchefu alichokuwa akikielekeza kwa konokono wiki mbili nzima kikaenea ukumbini bila kumbakisha mtu. Alitamani dirisha lifunguliwe. Angemtemea wakili mate kama si adabu, lakini alichosema mtu yule hakikuwa uwongo, na hilo ndilo lililochukiza zaidi.

Hata hivyo sheria haikuuliza tabia za watu. Baraza liliamua jioni hiyo: Tulizo ni kompyuta ya mfukoni, maneno yake ni ya kampuni iliyoiunda, na Lameck Ndahani hakusema neno lolote kwa mkewe mchana ule. Kampuni ikaamriwa kuwakusanya konokono wote. Walinzi wakaweka ndoo mlangoni, na watu waliokuwa wakitoka waliwabandua wa kwao mmoja mmoja na kuwadondosha humo. Ndoo ilikuwa inajongea ndani kwa ndani. Nyamizi alipita pembeni ameziba pua, ingawa haikuwa na harufu.

Kwenye ukumbi mdogo wa nje alimkuta Mama Yustina amekaa kwenye benchi, mjukuu amelala mgongoni ndani ya kanga. Lameck alisimama hatua kadhaa mbali naye, kama mkwe anavyosimama.

"Shikamoo, mama," Lameck akasema.

"Marahaba." Mama aliitazama sakafu. "Nilikuhukumu mbele ya watu kwa maneno ya mdudu. Nimekosa."

"Si kosa lako, mama. Hata mimi ningeamini."

"Ngoja, sijamaliza." Akainua uso. Ulikuwa umekauka, hauna machozi. "Tuseme huyo mdudu hayupo. Siku ile unapokea wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Mwanangu anakuambia anajisikia vibaya, urudi. Ungemjibu nini?"

Nyamizi alisimama palepale alipokuwa. Alijua jibu ambalo angelitoa yeye. Hukumu ilishatoka, Baraza lilishamsafisha yule kijana, angeweza kusema lolote zuri na mama angelipokea. Lameck akajipangusa uso kwa mkono wa koti la watu.

"Ningesema niko njiani."

"Halafu?"

"Halafu ningemalizia nguzo niliyokuwa nayo. Nisingejua kama ni damu, mama. Ningemaliza nguzo moja. Labda mbili. Ndipo nishuke."

Mama Yustina hakulia wala hakumtukana. Alimtazama mkwewe kwa jicho la mtu aliyeonja kitu kibaya na hana mahali pa kukitema, na Lameck hakukwepa lile jicho. Mtoto akajinyoosha mgongoni, akaguna, akalala tena. Baadaye mama akanyanyuka, akaikaza kanga kifuani.

"Jumamosi uje umchukue mwanao," alisema. "Usipige simu. Uje."