Dawa Iliyofaulu kwa Sungura

Fundi viatu alipenda utani. Mteja akichelewa kuchukua viatu vyake, humwambia, "Nilidhani umeota kwato." Lakini moyo wake ulikuwa umechoka. Ulidunda ovyo, mara mbio, mara unasita, na miguu ilimvimba. Dawa za hospitali zilimsaidia, ila mojawapo ilimpeleka chooni mara kwa mara, na wateja walimcheka.

Mkewe alifanya kazi ya kulisha sungura katika maabara ya utafiti. Siku moja alirudi amechangamka.

"Baba watoto, sungura wenye ugonjwa kama wako wamepewa dawa mpya. Mtafiti kasema imefaulu."

Neno hilo moja ndilo lililomponza. Fundi alizificha dawa zake juu ya kabati, akaisubiri iliyofaulu.

Miguu ikavimba hata viatu alivyojishonea mwenyewe vikakataa kuingia. Akilala chali, pumzi zilimwishia. Mkewe alipozikuta zile dawa, alikaa chini akalia.

"Niletee ile ya sungura, mama watoto," fundi alisema. "Kidogo tu."

Mke alimwendea mtafiti, akamweleza yote. Mtafiti alivua miwani.

"Dada, nilisema imefaulu kwa sungura. Mapigo yao yametulia, lakini wengine wamekufa na hatujui kwa nini. Kwa binadamu hatujui kipimo, huenda hata ikawa sumu. Dawa nyingi huishia hapa hapa, kwa wanyama. Kuijaribu kwa watu ni kazi ya miaka."

"Mume wangu hana miaka."

"Ndiyo maana anahitaji zile zake. Zilishajaribiwa kwa watu. Mpeleke hospitali sasa hivi."

Hospitalini, muuguzi aliwaambia ukweli.

"Baba, dawa ya moyo haiachwi bila kutuuliza. Ikikusumbua, sema. Hiyo inayokupeleka chooni, ya kupunguza maji mwilini, tungekupangia saa nzuri ya kuimeza. Sasa moyo umedhoofika zaidi. Nguvu zilizopotea sidhani kama zitarudi. Tulinde zilizobaki."

Fundi aliuliza ni saa ngapi aimeze.

Siku hizi anameza dawa zake zote. Uvimbe umepungua, analala, na viatu vinaingia. Lakini nyundo imemshinda, na kibanda chake kimefungwa. Mkewe anaumia kumwona ameketi tu mlangoni.

Kila asubuhi fundi humuuliza, "Imefika?"

"Bado, baba watoto."

Naye hunyoosha mkono, akapokea zile za zamani.