Nyumba Namba Kumi na Saba

Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi, Kishungi na mama yake walikunja godoro na kulisimamisha nyuma ya mashine ya kukaushia nywele. Mama alikuwa msusi. Tangu mvua iangushe nyumba waliyopanga, mwenye saluni aliwaruhusu kulala humo, ila ikifika saa moja kisionekane hata kijiko. Nywele za bandia hazikulijua sharti hilo. Ziling'ang'ania sweta ya binti mpaka shuleni, ndiyo maana wenzake wakampa jina la Kishungi.

Ijumaa hiyo mama alisoma barua ya shule mara mbili.

"Eti Jumatatu uhamie shule nyingine, kule mbali kwa shangazi yako. Kisa?"

Kishungi aliinama kufunga kamba za viatu, ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Mama alikuwa amechoka. Wiki nzima alizungushwa kama pia. Shule ilitoa sare, vitabu na chakula cha mchana kwa watoto waliopoteza makazi, lakini karani wa shule alitaka barua ya ofisi ya mtaa. Ofisi ya mtaa nayo haikuandika barua bila namba ya nyumba.

"Ningekuwa na nyumba ningefuata nini hapa?" aliwauliza. Wakamwambia arudi kesho.

Sasa aliongoza njia hadi shuleni, barua mkononi, Kishungi nyuma yake akiburuta miguu. Karani alipowaona alivua miwani.

"Mama, mbona unatuchosha? Fomu yako inasema mnaishi nyumba namba kumi na saba, vyumba vitano. Huko si eneo letu. Halafu mwenye vyumba vitano anaomba msaada gani?"

"Vyumba vitano? Ndugu yangu, mimi nalala kati ya beseni la kuoshea nywele na ndoo. Hivyo vitano nionyeshe, nihamie leo leo."

Karani alimsogezea fomu. Mama aliutambua ule mwandiko. Aligeuka taratibu.

"Mwanangu."

"Uliniachia nimalizie kuijaza," Kishungi alisema kwa sauti ndogo. "Nikaijazia darasani. Jirani yangu wa dawati alikuwa anachungulia. Nikaona aibu, nikaandika kwa shangazi."

"Kwa shangazi yako kuna vyumba vitatu."

"Nikaongeza viwili."

Mama alishusha pumzi. "Kama ni kujenga kwa kalamu, si ungetujengea hapa karibu na shule?"

Karani alikohoa ili asicheke. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, alikuja akaichukua ile fomu.

"Kanuni yetu inasema mtoto asiye na makazi abaki katika shule aliyoizoea, na haombwi barua ya nyumba," alimwambia karani. "Maelezo ya mzazi yanatosha. Ulimwambia mama huyu?"

"Nimezoea, Mwalimu. Kila anayekuja namwomba barua."

"Basi hapa wamekosea wawili. Mpe fomu mpya." Kisha akamgeukia Kishungi. "Binti, mficha maradhi, kilio humfichua. Kukosa nyumba si kosa lako, wala si aibu yako. Lakini sisi tunanyoosha mkono pale ulipotuambia upo. Ukituelekeza kwa shangazi, mkono utafika kwa shangazi, na wewe utabaki na njaa."

Kishungi alishika kalamu. Kwenye nafasi ya makazi aliandika polepole: *Hatuna nyumba kwa sasa. Tunalala saluni anakofanya kazi mama.* Hakuongeza hata dirisha.

Karani aligonga muhuri, akaichana ile barua ya uhamisho. "Leo mchana upange foleni ya chakula na wenzako," alisema. "Sare uje uzichukue Jumatatu, hapa hapa."

Nje, mama alimbandua binti yake unywele mmoja begani.

"Haya, fundi ujenzi," alisema, "kengele imelia. Kimbia darasani."