Saa Kumi na Dakika Ishirini

Mzee alilala chali kando ya meza, kisogo kimepasuka kwenye ukingo wa ngazi ya saruji. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai. Kimoja hakikuguswa.

"Nilitoka saa moja na nusu kwenda sokoni, nikamwacha anasikiliza redio," alisema bintiye, macho yamemvimba. "Niliporudi saa mbili na robo, nikamkuta hivi."

Inspekta alikagua mlango. Haukuvunjwa. Mzee alimtengea chai mtu anayemfahamu.

Saa tatu na nusu teksi ilisimama nje. Akashuka kaka mtu na sanduku lake, mwanafunzi wa ng'ambo, miaka minne hajakanyaga nyumbani. Alimkumbatia dada yake, wakalia. Inspekta aliwaachia nafasi kwanza. Kazi hii haina haya, lakini yeye alikuwa nayo.

"Umefika sasa hivi?"

"Sasa hivi, afande. Ndege imetua saa mbili na nusu."

"Ni safari ndefu?"

"Kilomita elfu tisa. Saa kumi na mbili angani."

"Hamkuwahi wala kuchelewa?"

"Tumetua saa ileile iliyoandikwa kwenye tiketi."

Inspekta alitoka uani, akapiga simu uwanja wa ndege. Mwongoza ndege wa zamu alijibu bila kusita: upepo uliisukuma ndege hiyo kutoka nyuma njia nzima. Ilitumia saa kumi na dakika ishirini, ikatua saa moja kasoro dakika kumi.

Alirudi ndani, akavuta kiti.

"Abiria wenzako watalisimulia hilo wiki nzima. Mmewahi kwa saa moja na dakika arobaini. Wewe umesoma tiketi tu. Toka uwanjani hadi hapa ni nusu saa. Ulikuwa wapi?"

Kijana aliketi juu ya sanduku lake.

"Hapa. Kisha nikarudi uwanjani, nikachukua teksi nyingine."

"Kaka!"

"Mama alikufa miezi miwili iliyopita, afande. Nimeambiwa juzi, na jirani. Nikamuuliza baba kwa nini mlinificha. Akasema, 'Uko mbali mno mwanangu, usingewahi,' huku ananimiminia chai. Nikamsukuma. Sikutaka afe." Alifuta uso kwa kiganja. "Saa kumi tu. Mama angeshindwa kuningoja saa kumi?"

Dada yake alikaa kando yake.

"Alitaka kukungoja. Siku ile alipozidiwa aliuliza ndege inachukua muda gani. Baba akamwambia siku tatu, basi mama akasema tusikusumbue, tukuache na masomo yako."

"Siku tatu? Nani kamwambia siku tatu?"

"Wewe. Uliondoka Jumatatu. Simu yako ya kwanza kwamba umefika salama ilikuja Alhamisi. Baba hajawahi kupanda ndege, kaka. Alihesabu hivyo."

Inspekta alikuwa ameshatoa pingu. Aliziweka mezani kando ya kile kikombe kisichoguswa, akangoja kijana amalize kulia.