Daktari Kabla ya Mtihani

Mzee Methusela wa Mdandu alikuwa hodari wa kulima ulezi, na mdomo wake ulikuwa hodari kuliko jembe. Mwanawe Enoki alipokwenda kusomea uganga katika hospitali ya misheni karibu na Njombe, mzee hakungoja. Siku ile ile alianza kumwita Daktari. Mkewe Ida akamwita hivyo, majirani wakafuata, hata wachunga mbuzi.

Enoki alikuwa kijana mkimya. Akiulizwa jambo aliwaza kwanza, ndipo akajibu. Alirudi nyumbani wiki moja kabla ya mtihani wa mwisho. Asubuhi alipalilia, mchana alikaa nyuma ya ghala na madaftari yake.

"Baba Enoki, mtoto hali chakula," Ida alisema. "Na tumbo linamwendesha."

"Atakula akishafaulu. Mbona Abrahamu, mwana wa kaka yako, hana mambo haya? Wanasoma darasa moja, na yule akiulizwa anajibu kabla swali halijaisha!"

Enoki alikuwa amesimama mlangoni. Akageuka, akarudi nyuma ya ghala.

Jumapili, kanisani, mzee alimsimamisha mbele ya usharika wote. "Mwombeeni Daktari wetu!" Mikono ya Enoki ilitetemeka hata kitabu cha nyimbo kikaanguka. Watu walicheka kwa upendo. Upendo mwingine, jamani, una meno.

Siku ya mtihani mzee alifuatana naye mpaka hospitali, pamoja na ndugu sita na jogoo wa kumshukuru daktari Mzungu aliyewatahini wanafunzi. Wakakaa chini ya dirisha. Mtihani ulikuwa wa mdomo.

"Mtoto wa miaka mitatu ana malaria," yule daktari Mzungu aliuliza. "Utampa kwinini kiasi gani?"

Mzee alitabasamu. Jibu hilo alikuwa amemsikia Enoki akilikariri nyuma ya ghala kila siku. Lakini ndani kulikuwa kimya. Akainuka, akachungulia. Enoki alimwona. Mdomo wa kijana ulikuwa wazi, na sauti haikutoka.

Alipotoka nje, baba yake hakumsubiri aseme. "Umenivua nguo mbele ya watu!"

Jogoo alirudi Mdandu. Enoki hakurudi.

Siku ya tatu zikaja habari kwamba ameonekana Makambako, mahali malori yanapochukua watu wa kwenda kukata mkonge Tanga. Mzee akatembea mpaka huko. Lori lilikuwa limeondoka jana yake. Katika zahanati ndogo alimkuta Kasimiri, mganga msaidizi aliyewapima watu wa safari, akamwuliza habari za mwanawe.

"Kamwene, mzee. Enoki nilimpima mimi," Kasimiri alisema. "Alipokuwa akingoja, alinisaidia kufunga vidonda vya watu wanne. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Kazi anaijua."

"Basi amerogwa. Mbele ya Mzungu alikuwa bubu."

"Hakurogwa, mzee. Ile ni hofu ya mtihani. Si uvivu wala si ujinga. Moyo unakwenda mbio, koo linakauka, na mambo uliyoyajua yanakimbia."

"Mbona Abrahamu haogopi?"

"Hatukuumbwa na tabia moja. Abrahamu ni mwepesi wa kusema. Wako ni mwangalifu, anaogopa kukosea. Mgonjwa gani hataki mganga wa namna hiyo? Lakini ukimwekea macho ya kijiji kizima, unamfunga ulimi."

"Ningefanya nini?"

"Angejizoeza kujibu mbele ya mtu mmoja, kisha wawili. Angekula hata uji, akalala vizuri. Hofu ikija, mtu avute pumzi polepole, aombe swali lirudiwe. Na amwambie mwalimu wake mapema. Ninyi nyumbani, mwiteni jina lake tu. Hata hivyo, mtihani unarudiwa mwakani. Hakukwambia?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Sikumpa nafasi."

Miaka miwili baadaye Tabea, binti yake, alikuwa akisomea uuguzi katika hospitali ile ile. Naye alikuwa mkimya, tena kumshinda kaka yake. Kila likizo, kazi ya shamba ikiisha, mzee alivaa kofia, akakaa kwenye kigoda na daftari mkononi. "Leo mimi ni Mzungu. Nijibu." Siku ya kwanza Tabea alilia. Mzee akangoja. Siku ya nne alijibu yote. Wakamwita Ida naye akae asikilize.

Siku ya mtihani Tabea alikunywa uji, akaenda. Mzee alibaki Mdandu akipalilia.

"Nilitetemeka, baba," Tabea alisema aliporudi. "Nikavuta pumzi, nikaomba swali lirudiwe. Daktari akalirudia. Nimefaulu!"

Majirani wakaja mbio wakitafuta jina kubwa la kumpa. "Anaitwa Tabea," mzee aliwaambia.

Mwezi uliofuata ikafika barua ya Enoki kutoka Tanga. Tabea aliisoma kwa sauti. "Nimefurahi kusikia habari za Tabea kwa watu wa kwetu waliokuja huku. Mkataba wangu ulikwisha, nimefunga mwingine. Baba asinitafute. Huku naitwa kwa namba, na hakuna anayengoja niwe mtu fulani. Ninakula vizuri."

"Rudia pale pa mwisho," mzee alisema.

"Ninakula vizuri."

Mzee akavuta pumzi polepole, kama Kasimiri alivyomfundisha. Haikumsaidia.