Usimwitikie Harwick

Siku hiyo bibi yangu Binah alikuwa amekaa barazani akimenya kamba wa mtoni, akiwatupia sufuriani bila kuwatazama. Upepo wa mto Combahee ulivuma polepole, na mama yangu, Affie, alikuwa uani akianika mashuka. Mama ndiye aliyenisimulia haya, maana aliyaona kwa macho yake, na Bibi hakuyakana mpaka anaingia kaburini.

Likaja gari la farasi. Akashuka Edmund Harwick, mtoto wa bwana aliyemmiliki Bibi zamani.

Akavua kofia. "Hujambo, Shangazi Binah?"

"Sijambo. Ila sina mpwa mzungu," Bibi akasema, akaendelea na kamba wake.

Edmund alicheka kidogo, kisha akaeleza kilichomleta. Jumamosi wangezindua jiwe la kumbukumbu ya askari wa majimbo ya Kusini waliokufa katika vita na Kaskazini, na jina la baba yake lilikuwa juu kabisa. Walitaka mmoja wa watu wake wa zamani akae mbele, amevaa aproni nyeupe. Hotuba ikifika mahali pake, asimame aseme kwamba Bwana Harwick alikuwa mwema, na kwamba vita ile haikuhusu watumwa hata kidogo. Ilikuwa vita ya haki za majimbo na heshima ya watu wa Kusini.

Bibi alimaliza kamba aliyekuwa naye mkononi. "Nitakuja," akasema.

Mama akadhani amesikia vibaya. Kwa maana Bibi alikuwapo siku Bwana Harwick alipoondoka kwenda vitani. Aliwapanga watumwa wote uani, wakubwa kwa watoto, akawaambia kuna watu Kaskazini wanataka kuwanyang'anya kwake. Anakwenda kuwapiga risasi watu hao. Akirudi, anataka awakute wote palepale.

Aliuawa mwaka wa pili. Baadaye meli za jeshi la Kaskazini zikapanda mto, na watu wakazikimbilia kutoka mashambani, wengine na kuku kwapani, wengine na watoto wasio wao. Bibi alikuwa miongoni mwao. Vita ilipokwisha wakarudi watu huru, wakapata vipande vya ardhi pembeni mwa mashamba yaleyale ya mpunga.

Ndipo Harwick alipoanza kuwaita.

Alikuja jua likikaribia kuzama. Sauti ilitoka kwenye maji ya shamba, sauti ya mtu asiye na haraka, ikitaja jina moja moja. Usipoitika, inakupita na kumtaja mwingine. Ukiitika, umekwisha.

Sancho, kaka yake Bibi, aliitika. Hakukusudia. Alikuwa bustanini kwake akipalilia viazi, na mdomo wa mtu aliyezaliwa mtumwa huitika kabla akili haijafika. Alisema, "Naam, Bwana." Miguu ikaanza kwenda. Mkewe akamkumbatia kiunoni, akaburutwa naye mpaka ukingoni. Sancho alikuwa analia. Anasema hataki. Miguu inakwenda.

Kesho yake walimkuta katikati ya shamba. Amesimama. Maji yamemfika kifuani. Alikuwa amekufa, na mikono yake ilikuwa bado inapanda mpunga.

Walimfuata wengine, Minda na Cuffee miongoni mwao. Watoto wa kwetu wakawa wanafundishwa neno moja kabla ya sala: usimwitikie Harwick.

Basi jioni ile, gari la Edmund lilipokwisha kuondoka, sauti ikaja mpaka kwenye uzio.

"Binah."

Mama aliziba masikio. Bibi akafuta mikono, akaenda mpaka karibu na uzio. Hakuitika. Aliongea kama anayempasha jirani habari.

"Mwanao anasema hukufa kwa ajili yetu. Anasema wala hukutujali. Njoo Jumamosi kanisani umwambie mwenyewe."

Hapakuwa na upepo, lakini nyasi za ng'ambo ya uzio zililala chini, kama zimekaliwa.

Jumamosi ilikuwa mchana mweupe, jua kali. Jiwe lilisimikwa kwenye uwanja wa kanisa la wazungu, mkabala na mashamba ya Harwick. Barabara tu ndiyo iliyotenganisha. Palikuwa na tarumbeta, maua, na wanawake wenye kofia pana. Bibi alikuja na gauni lake jeusi la kanisani. Aproni aliiacha nyumbani. Mama alisimama nyuma ya kiti chake, macho kwenye njia ya kutokea, kwa kuwa mwaka huohuo wazungu walikuwa wamemnyonga mtu mweusi darajani kwa sababu alimjibu mzungu dukani. Alimnong'oneza Bibi kwamba bado wangeweza kuondoka. Bibi akamwambia amekwisha kuondoka mara moja, inatosha.

Edmund akapanda jukwaani. Alisifu nchi, akasifu heshima, akawasifu mama wa askari. Kisha akaweka mkono kifuani, akasema baba yake hakushika bunduki kwa ajili ya mtumwa hata mmoja.

Upepo ukakatika.

Halafu wakasikia. Wote, weupe na weusi.

"Minda."

Ng'ambo ya barabara, kutoka majini, mwanamke akaitika. "Naam, Bwana."

"Cuffee."

"Naam, Bwana."

"Sancho."

"Naam, Bwana."

Mama alimwona Bibi akifumba macho. Mpiga tarumbeta alikuwa ameiacha ianguke. Maji ya shamba yalitikisika huku na huku, kama yanavyotikisika watu wakifanya kazi ndani yake. Hapakuwa na mtu.

"Binah."

Bibi akauma midomo. Lakini Edmund alikuwa ameachwa mtoto mdogo, na sauti ile hakuwa ameisikia tangu siku ya kuagana. Uso ukamlegea.

"Naam, Baba," akasema, ingawa si yeye aliyeitwa.

Viatu vyake vikageuka.

Akashuka jukwaani. Akakanyaga maua. Wanaume watatu walimshika, akawaburuta wote. Akavuka barabara. Akaingia majini na suti yake. Mkewe akaja kupiga magoti mbele ya Bibi, mbele ya mji mzima, akamwomba dawa.

"Sina dawa," Bibi akasema. Akainuka, akaenda mpaka ukingoni. "Edmund. Baba yako alikwenda vitani kwa ajili ya nini?"

"Haki za..."

Maji yakamfika kiunoni.

"Kwa ajili ya nini?"

Yakamfika kifuani. Mikono yake ilianza. Vidole vilichomeka na kuinuka, vilichomeka na kuinuka. Aliitazama mikono ile kama si yake.

"Watumwa," akasema. Sauti ilikuwa ya mtoto. "Alikwenda kwa ajili ya watumwa. Alitaka mbaki mali yake. Nyumbani tulijua. Siku zote tulijua."

Miguu ikasimama.

Bibi akatazama juu ya kichwa cha Edmund, mahali pasipokuwa na mtu.

"Umemsikia mwanao, Harwick. Ulikwenda ili tubaki. Nasi tukaondoka. Minda, Cuffee, Sancho, na wengine wote, kazi imekwisha. Tokeni majini."

Maji yakatulia. Mpaka leo hakuna aliyesikia tena akiitwa pale.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza Bibi kama alijua kwamba Edmund angepona. Alisema hakujua. Alitaka tu aseme kabla maji hayajamfika kinywani.

Hawakumgusa Bibi. Kumwadhibu kungewalazimu kutaja kosa lake, na kulitaja kungewalazimu kurudia maneno ambayo kila mtu aliyasikia. Wakasema Edmund alipigwa na jua. Naye akauza nyumba, akahama na mkewe, hakurudi hata kuzika ndugu. Jiwe likabaki na maneno ya uongo yaliyochongwa juu yake.

Ila asubuhi ya Jumapili, waliokuja kusali walikuta nyayo kwenye jiwe. Hazikuwa za matope, wala hazikuwa zimechorwa. Zilizama ndani ya jiwe lenyewe, kama mtu anapokanyaga udongo mbichi. Nyayo za watu peku, wakubwa na wadogo, zimepanda kutoka chini mpaka juu, zimepita juu ya majina, juu ya heshima, juu ya haki za majimbo, na kuishia kileleni zikielekea mtoni, kule zilikopita meli. Waliita fundi akazisawazisha. Zikarudi. Wakaleta jiwe jipya. Zikarudi.

Mimi nimekwenda pale, mwezi wa Januari, barafu ikiwa imeganda kwenye nyasi. Nilivua kiatu, nikauweka mguu wangu ndani ya unyayo mmoja.

Unyayo ule ulikuwa na joto.